Sini ya koroboi imekubali

Imekubali! Naandika haya kabla furaha haijapoa, maana sini hii nusura inifanye niuze kamera nifuge kuku.

Kwa aliyechelewa kujiunga: ni filamu fupi ya familia moja ya Bukoba, Novemba 1978. Majeshi ya Amin yamevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, yamekalia ardhi yetu yote ya kaskazini mwa mto Kagera, na daraja la Kyaka limelipuliwa. Mjomba anafanya kazi kiwanda cha sukari, ng'ambo ya mto, na haonekani. Nyumbani wamechimba handaki, mvua za vuli zimelijaza maji, vyura wamehamia. Na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndio umeingia.

Kichekesho chote kimejengwa hapo. Senene wanafuata mwanga, amri ya vita ni giza. Mama anataka mboga, Bibi anataka uhai. Kila koroboi ikiwashwa, Bibi anafoka kutoka chumbani: "Zima koroboi!" Mara ya kwanza watu wanatabasamu. Mara ya pili wanacheka. Mara ya tatu yule mjukuu, aliyemsikia Mwalimu Nyerere akitangaza vita redioni, anasimama kifua mbele: "Bibi, uwezo wa kula senene tunao, sababu tunayo, na nia tunayo." Bibi anajibu bila hata kugeuka: "Na uwezo wa kukuchapa ninao. Zima koroboi!" Hapo chumba kizima huwa hoi.

Tatizo ni kinachofuata. Mlangoni anaingia mtu asiyejulikana, anakokota baiskeli ya Mjomba. Kila tulipoionyesha kwa watu, habari ya msiba ilimezwa na kicheko kilichobaki. Nikaweka ukimya mrefu katikati. Zikawa filamu mbili zilizogongana njia panda. Nikaweka muziki. Jamani, hiki kinanda cha huzuni cha kupakua bure kipigwe marufuku! Kinamwambia mtazamaji "sasa lia", naye, kwa ubishi wa kawaida wa binadamu, anatoa simu.

Rafiki mmoja alishauri tukate vichekesho, eti vita si mchezo. Nilikataa na bado nakataa. Wazee waliotusimulia mwaka ule walisimulia wakicheka: nani alitumbukia handakini na chungu cha ndizi, nani alikimbia ndege akiwa na sabuni kichwani. Wanacheka mpaka wanafuta machozi, halafu wanataja jina la mtu na kicheko kinakatika chenyewe. Hakuna anayetua kwanza ili kubadilisha uso. Nilichokuwa natafuta ni mkato huo huo, kwenye skrini.

Jibu lilikuwa kwenye sauti. Katika skripti, mgeni anamulika tochi kwenye baiskeli, tunaona kikapu cha nyuma kimepondeka na shati la Mjomba limefungwa kwenye usukani, na Bibi anasema tena, "Zima." Mwigizaji wetu ni mama hodari sana, lakini kila teki alilitamka neno hilo kwa majonzi, sauti ikitetemeka, na hapo hapo sini ikawa ya kuombewa kura. Juzi usiku nikapata wazo: nikachukua sauti yake ya ile mara ya tatu, ya hasira na fimbo, nikailaza juu ya picha ya msiba. Bahati nzuri kwenye picha amegeukia ukuta, midomo haionekani. "Zima koroboi!" Ukali ule ule. Ila koroboi imeshazimwa zamani. Kinachowaka ni tochi ya mgeni, na Bibi hataki kuona kilichomulikwa.

Jana niliwaonyesha watu wachache, wakiwemo wazee wawili wa kule. Chumba kilianza kucheka, kwa mazoea, kisha kicheko kikafa katikati. Mzee mmoja akasema "aa-aa" kwa sauti ndogo. Nilitamani kuruka.

Nikaondoa muziki wote. Chini yake nimeacha vyura tu, na mama anaendelea kunyonyoa mbawa za senene kwa sababu mikono haijapata habari bado.

Kuhusu vifaa: taa za LED za bei poa zinachezacheza kwenye kamera ukizipunguza mwanga. Usihangaike nazo. Koroboi halisi na karatasi nyeupe nyuma ya kamera vilitupa sura nzuri zaidi. Kuediti natumia DaVinci Resolve ile ya bure, inanitosha, ingawa kompyuta yangu inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Na rekoda ya sauti nunua kabla ya lenzi. Ningekuwa nimetegemea maiki ya kamera, leo nisingekuwa na ile "Zima" safi ya kuhamisha.

Wiki hii nilipanga kusawazisha rangi na kuandika tafsiri za chini. Sijagusa. Nimenasa kwenye kisa kingine cha vita hiyo hiyo: mwaka 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga bohari ya mafuta Mwanza, ikakosa, makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala. Sasa fikiria familia ya mtunza wanyama inayopaswa kuamua kama swala aliyeuawa na adui anazikwa au analiwa. Nimeshaandika kurasa nne, na baba mwenye nyumba anataka kilio rasmi.

Kwa hiyo rangi zisubiri. Mwenye kumfahamu mtu wa Mwanza mwenye boti ya kukodi kwa bei ya kindugu, anishtue. Swala nitajua mwenyewe.