Gigondas ya asilimia 15

Jana usiku nilifungua Gigondas, mvinyo mwekundu wa kusini mwa Ufaransa, kutoka chini ya milima ya Dentelles de Montmirail. Sehemu kubwa ni zabibu za Grenache. Hizi huchelewa kuiva na hujaa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kuwa kilevi. Chupa inasema asilimia 15. Koo langu halibishi. Rangi si nzito sana, maana ganda la Grenache ni jembamba. Puani nilipata stroberi zilizoiva mno na pilipili manga. Mdomoni mzito, kama mtamu hivi, halafu moto! Nikauweka kwenye friji dakika 20 (mume wangu alicheka), moto ukapungua, harufu ya majani makavu ikajitokeza. Nusu iliyobaki ni ya mbuzi choma Jumamosi.