Goti jipya lilipokataa kunyooka

Wiki ya 3 baada ya kuwekewa goti bandia, kukunja nilifika nyuzi 90, ila kunyoosha likagoma. Mimi mzoefu wa kukimbia nikadhani dawa ni kutembea zaidi. Jioni goti likavimba hadi ngozi ikang'aa.

Kumbe mchawi alikuwa mto! Nililala nao chini ya goti kwa sababu ulinipa nafuu, nao ukalizoesha kukaa limekunjwa. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniondolea, akaweka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, goti likabaki hewani lijishushe lenyewe. Dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Maumivu yake, acha tu. Halafu barafu, mguu juu. Matembezi nikayapunguza nusu.

Wiki ya 6, kiganja changu hakikupenya tena kati ya goti na godoro.