Cherehani Mbili za Bujumbura

Katibu wetu alisahau karatasi moja tu, orodha ya mizigo, na karatasi hiyo ndiyo iliyotuweka mpakani Manyovu zaidi ya saa mbili, tukihesabu magauni mbele ya kosta. Tulikuwa watu 14: akina mama 11 wa kanisa letu la Mwanga, mama mchungaji akiwemo, kisha mchungaji, katibu na dereva. Mabegi yalikuwa 22. Nguo za mtumba, sabuni za miche, madaftari, biskuti, mashuka, na gunia moja la wanasesere ambalo nitalirudia, maana mpaka leo linanitia aibu.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Mwanga, mjini Kigoma. Si mtu wa kusimama mbele za watu. Mchango wa safari niliulipa kidogo kidogo, elfu tano tano, hadi mweka hazina akanichoka. Lakini siku mama mchungaji alipotangaza kwamba tunakwenda Burundi kuwatembelea mabinti wa kituo cha yatima, mkono wangu ulikuwa juu kabla sijauliza nauli.

Sababu yake ni ya zamani kidogo. Mei 2015, Warundi walipokimbia kwao, maelfu walirundikana kijijini Kagunga, pembeni mwa ziwa, na kipindupindu kikawakuta hapohapo. MV Liemba, ile meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikienda kuwachukua na kuwashusha Kigoma, wanapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika kusubiri magari ya kambini. Nilikwenda na wenzangu kuchemsha uji. Nakumbuka mtoto mmoja wa kike aliyekunywa vikombe vitatu mfululizo bila kuinua uso, kisha akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani kwao. Sikumwona tena. Nilipoinua mkono kanisani, nadhani nilikuwa bado nakishika kile kikombe.

Tuliondoka saa 11 alfajiri. Kutoka Mwandiga ni lami hadi mpakani, unapanda milima ya Buhigwe, migomba huku na huku, baridi ya kukufanya ujute kuacha sweta. Mpakani kila mtu ametoa hati yake ya dharura ya kusafiria na kadi ya njano ya chanjo, mambo yananyooka, mpaka tulipoulizwa orodha ya mizigo. Hatukuwa nayo, kosa letu wenyewe. Basi begi moja moja likafunguliwa, katibu anaandika: magauni 112, sketi 40, jozi za viatu 31, kimoja hakina mwenzake.

Tulipovuka kuingia Mugina ilikuwa saa 4 asubuhi kwetu, kwao saa 3. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Mama mmoja akasema Bwana ametufidia nusu ya muda tuliopoteza, tukaitikia amina. Amina hiyo haijaisha kinywani, lori likatokea mbele yetu, uso kwa uso. Dereva alikuwa amesahau kwamba kule wanaendesha kulia. Kuanzia hapo hadi Mabanda, kila kona ilipokaribia, gari zima lilikuwa likiimba: "Kulia! Kulia!" Kwaya yetu haijawahi kupatana sauti namna ile.

Ukishuka Nyanza-Lac ziwa linafunguka upande wa kushoto, Tanganyika yetu ileile. Kutoka hapo barabara inafuata maji. Rumonge ni mawese mtupu, madumu ya njano yamepangwa kando ya barabara, na harufu ileile ya jikoni kwa bibi yangu kule Heru Juu. Kwenye kituo kimoja cha mafuta tulikuta foleni ya magari yamelala, milango wazi, madereva wanacheza karata kivulini. Mafuta ya gari yamekuwa shida kubwa Burundi miaka hii. Dereva wetu alikuwa amejaza tangi Kigoma, akapita hapo bila kugeuza shingo, kama mtu aliyebeba nyama mbele ya mbwa.

Karibu na Bujumbura, pale Mugere, tulisimama kwenye jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Kijana aliyetukaribisha akaeleza kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Tulikuwa na akina mama wawili wa Ujiji garini. Wee! Mmoja alishika kiuno: "Mwanangu, walikutana kwetu, chini ya mwembe. Huku walikuja kwa mtumbwi baadaye, wakalala." Naye mama yule alikuwa sahihi kabisa, lakini kijana ana kazi yake ya kula, tukampa kidogo tukaondoka.

Kituo chenyewe kiko nje ya mji, upande wa kusini, nyumba ndefu ya matofali, uwanja umefagiwa hadi unaona mistari ya ufagio. Mabinti walikuwa 38, mdogo kabisa ana miaka sita. Walisimama kwa mstari wakasema "Amahoro" kwa pamoja, nasi tukajibu kwa Kiha chetu, nao wakaanza kucheka. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, mtu anamwelewa mwenzake, ila kila mmoja anaona mwenziwe anaongea kama mtoto. Binti wa miaka saba hivi alinifuata siku nzima akinirekebisha matamshi. Wakubwa walitaka tuzungumze Kiswahili, wanakisoma shuleni, na Kiswahili chao kilikuwa na adabu kuliko changu.

Sasa lile gunia. Jioni tulikabidhi zawadi. Mama mlezi, mwanamke mrefu wa makamo asiyesema sana, alifungua gunia la wanasesere akatazama ndani, akashukuru. Kisha akatufungulia kabati la ukutani ili tuwaweke. Kabati lilikuwa limejaa. Rafu tatu za wanasesere wa wageni waliotutangulia, nywele za njano, macho wazi, wamekaa wakitutazama sisi. Wetu wakasukumwa pembeni. Hakuna aliyetulaumu, na hilo ndilo baya zaidi.

Baada ya chakula (wali, maharage kwa mawese, na dagaa, ambao kule wanawaita ndagala), mama mlezi alituambia mambo mawili. La kwanza, tusipige picha nyuso za watoto. Katibu alijikuna kichwa, maana ripoti ya kanisani bila picha ni kama haikuandikwa. La pili lilikuwa zito: "Nawaomba, msiwaahidi kurudi. Mkirudi, Mungu awabariki. Lakini msiseme." Alisema wengi wa mabinti wale si kwamba hawana mtu kabisa. Wana shangazi, wana bibi, wengine wana baba. Walioahidi kuja kuwachukua ni wengi, na watoto wanahesabu.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza chumvi: "Nani kwenu anajua kushona?"

Wenzangu wote walinigeukia.

Alinipeleka chumba cha nyuma. Chini ya turubai kulikuwa na cherehani mbili za miguu, zawadi za wageni wengine, zimekufa. Akanieleza bila kuzunguka: mabinti 23 wameshavunja ungo, taulo za kike za dukani bei yake haishikiki, kila mwezi wanakatakata blanketi kuukuu, na wengine siku hizo hawaendi shule. Kama mashine hizi zingefanya kazi, wangejishonea pedi za kufua. Nilifikiria rafu za wanasesere. Nilifikiria pia mama 11 tuliokaa kamati miezi minne kupanga zawadi, wote wanawake, na hakuna aliyelitaja jambo hili hata kwa kunong'ona. Tuliona haya kulitaja mbele ya mchungaji.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Burundi asubuhi ya Jumamosi watu hutoka kufanya kazi za jumuiya, maduka yamefungwa, na wenzangu walikwenda kuzibua mtaro na majirani. Mimi nilibaki na mashine, na binti mmoja wa miaka 15 aliyeambiwa anishikie taa.

Ya kwanza niliinamisha kichwa chake nikaona kitu sijawahi kuona tangu nianze ufundi. Ndani kote kulikuwa na gundi nyekundu, ngumu kama nta. Nikakwangua kwa ukucha, nikanusa. Mawese! Mtu aliambiwa atie mafuta, naye akatia mafuta aliyokuwa nayo. Nilicheka mpaka binti akacheka bila kujua sababu. Tukatafuta mafuta ya taa, yakapatikana ya kujaa kizibo cha soda. Tulisugua kwa mswaki mkuukuu, kila jino, kila tundu, tukitoa vumbi la nyuzi lililoshikana na mawese kama kashata. Mkanda ulikuwa umekatika. Tukakata mpira wa tairi la baiskeli, tukaufunga kwa waya mwembamba. Saa 7 mchana nikakanyaga, gurudumu likasita, likakohoa, likaenda. Binti aliweka sikio lake kwenye meza ya mashine, akalala hivyo kama anasikiliza tumbo la mjamzito.

Ya pili ilikuwa safi kuliko ya kwanza, haina tatizo lolote, isipokuwa kijumba cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, hakipo. Kitu kidogo cha kutoshea kwenye kiganja cha mtoto. Bila hicho, mashine nzima ni meza.

Mchana huo na Jumapili yake tulishona kwa mashine moja na mikono mingi. Mashuka yetu ya mtumba yakawa kitambaa cha juu, fulana za pamba zikakunjwa tabaka nne za kunyonya. Kwa upande wa chini wa kuzuia kuvuja nilikwama, mpaka yule binti alipoleta miavuli miwili mibovu. Kitambaa cha mwavuli! Mimi na miaka 19 ya ufundi sikuwaza hilo. Kufikia Jumapili usiku tulikuwa na pedi 51, tungetaka 69 ili kila mmoja apate tatu. Katibu alipiga picha za mikono: mikono ikikata, mikono ikitunga uzi. Ndizo zilizoenda kwenye ripoti, na wazee wa kanisa waliuliza sana vile vitu vyenye mabawa ni nini.

Ibada nayo ilikuwepo, nisije nikaonekana nimesahau. Mchungaji alikuwa ameandaa mahubiri marefu, akaona watoto wanasinzia, akafunga Biblia baada ya dakika kumi. Huko Mwanga sijawahi kuliona hilo. Tulipoimba, mama mmoja wetu alisogea achukue ngoma iliyokuwa pembeni, akazuiwa kwa upole. Kule zile ngoma kuu ni za wanaume, wanawake wao hucheza, na tangu 2017 kuna hata amri ya rais. Mama akarudi kupiga makofi, kwa hasira kidogo, na kusema kweli alipiga vizuri.

Jumatatu alfajiri, tunapakia, binti wangu wa taa alikuja mlangoni mwa kosta. Akaniuliza kwa Kirundi nitarudi lini. Nilikumbuka ombi la mama mlezi, lakini ulimi una haraka zake. Nikasema: "Ejo." Kwa Kirundi ejo ni kesho, na ejo hiyohiyo ni jana. Nilitaka iwe mzaha. Hakucheka. Alinitazama kama fundi anavyotazama mshono, akauliza: "Ejo ijayo au ejo iliyopita?"

Sikumjibu. Nilimwambia ile mashine ya pili inahitaji kijumba cha bobini, na kwamba nitakitafuta. Hicho tu.

Kurudi sitasimulia. Tulilala karibu njia nzima, na pale Manyovu ile saa moja tuliyopewa tukainyang'anywa.

Kijumba nilikitafuta soko la Mwanga, hakuna, vilivyopo ni vya mashine za umeme. Nikapeleka habari Kasulu, hakuna. Mwishowe fundi mmoja mzee wa Ujiji alitoa kopo la vyuma chini ya kitanda, tukamwaga mkekani, tukachambua jioni nzima kama mchele. Cha tatu kilikuwa chenyewe. Nilikijaribu kwenye mashine yangu, nikakisokota ndani ya kitambaa pamoja na sindano sita, nikampa mama mmoja mfanyabiashara anayepita Manyovu kila wiki.

Wiki iliyopita mama mlezi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Hauna neno hata moja. Ni cherehani mbili zinakwenda pamoja, na kwa mbali mtu anacheka. Niliusikiliza, nikausikiliza tena kibandani mteja akisubiri. Mara ya tatu ndipo nikasikia: moja inagonga. Sindano imepinda, au wameifunga mgongo mbele. Nimemwandikia waiangalie kabla haijakata kitambaa.