Bombomu ya kuendeshwa kwa skrini juu ya deraya

Wadau, faida kubwa ya mtambo huu, unaobeba bombomu juu ya deraya (gari la kivita), ni moja: mpigaji anabaki ndani ya chuma. Ana skrini, kijiti cha kuongozea, kamera ya mchana, kamera ya joto na kipimaumbali cha leza. Jairoskopu (kifaa kinachohisi mtikiso) na mota hutuliza silaha gari likiwa kwenye mashimo, kwa hiyo bombomu ya milimita 12.7 inalenga vizuri kuliko mikono ya mtu aliyesimama juu.

Gharama yake haisemwi vya kutosha. Kamera inaona kipande chembamba tu cha dunia. Anayekuja ubavuni haonekani, wala sauti yake haisikiki. Ndiyo maana dereva na kamanda lazima wagawane pande za kuangalia. Risasi ikikwama au mkanda wa risasi ukiisha, kwa mitambo mingi mtu anatoka juu, tena kwenye hatari ileile tuliyotaka kumwepusha. Mimi ningechagua mtambo wenye kujazwa risasi kutoka ndani, hata ukila nafasi.

Halafu kuna hewa yetu ya Dar. Chumvi ya bahari inakula pini za plagi, picha inaanza kukatika, watu wanalaumu kamera. Kagua oringi (pete za mpira za kuzuia maji) na soketi kwanza, futa vioo kwa maji safi kabla ya kitambaa, la sivyo mchanga utavikwaruza. Na usiwashe mtambo muda mrefu injini ikiwa imezimwa: betri hushuka, na silaha inabaki kugeuzwa kwa mkono.