Leo nimeswali Kizimkazi

Nimetoka kuswali adhuhuri Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Moyo bado haujatulia.

Kwa nje ni msikiti wa kawaida, paa la bati.
Ukiingia ndani, ukutani kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe.

Mwaka 500 Hijria. Yaani 1107 Miladia!

Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale waliyatunza.

Baada ya swala nikasogea. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, jiwe hili hutolewa baharini likiwa laini. Usipolichonga mapema, linakuwa gumu."

Nikaitazama herufi moja kwa karibu. Ukingo wake bado umenyooka, kama umekatwa juzi.

Mtu aliinama hapo na patasi yake, akiharakisha kabla jiwe halijakauka, kwa ajili ya waja ambao hatawaona. Mimi ni mmoja wao.

Jina lake silijui. Nimemuombea dua, machozi yakanitoka.

Jamani, kwenu kuna msikiti au kanisa gani la wazee ambalo bado watu wanasali? Niandikieni.