"Haya" ya Mama Udi

Jumamosi, 6 Aprili 2024, usiku

Pasaka ina siku sita leo, na mimi bado nimesimama mlangoni mwa kanisa.

Ilikuwa Jumapili, saa tano hivi, ibada ya pili imekwisha. Nipo pale ninaposimama siku zote, napeana mikono. Mvua ya alfajiri ilikuwa imekata, mchanga wa uwanjani umelowa, watoto wanamalizia kuzichafua nguo mpya. Mama Udi, mshirika wetu anayeuza udi na ubani sokoni Ngamiani, akanifikia. Wanaonisoma tangu zamani wanamjua: ndiye aliyenifundisha kula mkate wa kumimina bila kuuliza umewekwa nini, na ndiye ananiita "mwanangu" hata mbele ya mashemasi.

"Bwana asifiwe, Mchungaji."

"Amina, mama. Pasaka njema."

"Nina swali, mwanangu. Wale kina mama waliokwenda kaburini kwa Yesu asubuhi. Yale manukato waliyarudisha?"

"Kuyarudisha wapi, mama?"

"Dukani."

Nikacheka. Laiti ningetabasamu tu, lakini nilicheka kwa kifua chote, na nyuma yangu mwenyekiti wa mashemasi akacheka, na vijana wawili wa kwaya wakadakia. Kisha nikaongeza, naona aibu hata kuandika: "Mama, siku ile nani alikumbuka risiti!"

Akasema, "Haya." Akavuta mtandio, akaenda zake.

Mimi ni mtu wa Tukuyu, na imenichukua miaka kujua kwamba neno hilo hapa Tanga lina watoto wengi. Ipo haya ya tumekubaliana. Ipo ya nenda salama. Ipo ya kukaribisha watu sahanini. Na ipo moja fupi, inayoshuka mwishoni, ambayo mtu wa pwani huitoa kama muuza duka anayeteremsha bati: hakugombezi, hakusuti, amefunga tu. Mama watoto anasema namsingizia mzee wa watu. Yeye hakuwapo, alikuwa nyuma anahesabu sahani.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Jumapili alasiri tulibatiza saba Raskazone, maji yamekupwa, tukatembea hatua nyingi hadi tupate kina cha kumzamisha mtu mzima. Jumatatu pilau letu tulilipika mchana tukalifunika mpaka adhana ya magharibi, maana majirani wote wamefunga na haipendezi kuwanukishia, tukala nao. Upepo umeng'oa mabati mawili ya chumba cha shule ya Jumapili. Jumatano nilizika Pongwe. Kikao cha deni la kiwanja kimeahirishwa tena.

Na katikati ya yote hayo, "dukani". Nimemshika kijana mgongoni na kifuani, nasema kwa jina la Baba, na ndani yangu sauti ya mama yule: dukani. Naangalia mabati, naona risiti. Kule Pongwe nilipoona wanawake wanakuja na sinia la maua na chupa ya marashi nilikaribia kusahau zaburi.

Nimejiuliza kwa nini utani mmoja unikae hivi. Wala sijawahi kuwa mchungaji wa kununa. Nadhani ni yule mwenyekiti aliyecheka nyuma yangu.

Oktoba mwaka jana alinifuata ofisini, akafunga mlango. "Mchungaji, biashara ya yule mama ni ya majini." Mnajua jinsi tunavyosema makanisani: udi ni wa waganga, ubani ni wa kuitia mizimu, mwenye wokovu hafukizi nyumba. Alitaka Mama Udi asiandae tena meza ya Bwana, wala asiguse kitambaa chake. Nikamjibu, "Tutaliombea." Hilo ndilo jibu letu wachungaji tusipotaka kujibu. Sisi Wabatisti hatuna askofu wa kunihamisha wala wa kunitetea. Mimbari yangu iko mikononi mwa mkutano wa washirika, na mwenyekiti wa mashemasi ana ndugu wengi kwenye mkutano huo. Kwa hiyo tumeliombea toka Oktoba, yaani mimi nimenyamaza na yeye amesubiri. Jumapili nilipocheka, nina hakika aliona nimeshajibu.

Sijui kama Mama Udi anajua habari ya Oktoba. Tanga ni ndogo. Anajua.

Usiku ule ule wa Pasaka sikulala. Nikazifungua Injili zote nne mezani, kutafuta tu yale manukato. Mathayo hana habari nayo, wanawake wake wanakwenda kulitazama kaburi. Luka anasema waliyatengeneza wakaenda nayo. Marko, niliyemhubiri mwenyewe alfajiri ile, anasema waliyanunua Sabato ilipokwisha. Nimesoma hapo mara ngapi? Sabato huisha jua likizama. Maana yake kuna mtu Yerusalemu alifungua meza yake usiku wa Jumamosi, akawasha taa, akapima, akapokea fedha, kama Mama Udi anavyofungua mwezi huu wote watu wakishafuturu. Halafu wale wanawake wanatoka kaburini mbio, wanatetemeka, na manukato hayatajwi tena. Hakuna mwinjili aliyeuliza. Aliyeuliza ni muuza udi, tena anajua bei.

Kisha Yohana. Yohana hana manukato ya wanawake, ana ya Nikodemo: manemane na uudi, yapata ratli mia. Uudi. Kimeandikwa hivyo kwenye Biblia ninayoibeba kila siku. Wenye elimu wanabishana kama ni ule mti wa harufu wa Mashariki au ni shubiri, mmea mchungu wa kupaka, na mimi sitaliamua hilo nikiwa kwenye kiti cha plastiki. Ila masikio ya watu wa Ngamiani yangesikia udi.

Niko hapa miaka minane. Ijumaa Kuu nane, na kila mwaka nikifika sura ya 19 nasoma mpaka "Imekwisha" nafunga kitabu. Siku zote nilijiambia ni kwa sababu ya muda.

Alhamisi baada ya tarawehe nikamfuata. Idi iko karibu, Ngamiani haipitiki: viatu vya watoto, tambi, mapazia, bajaji zinapenya kwa honi. Meza yake iko chini ya mwavuli mkubwa. Vijiti upande huu, udi wa kupika upande ule, ubani kwenye kopo, vyetezo vya udongo chini, na ule mzani wake mdogo kama wa sonara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kununua au kuokoa watu?"

Nikamwambia nimekuja na jibu nusu. Nikampa simu. Akaishika mbali na macho, midomo ikitembea polepole, akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena.

"Uudi," akasema.

"Ndiyo."

"Ratli mia ni kilo ngapi?"

"Kama thelathini na tatu. Ratli ya Kirumi ilikuwa nyepesi kuliko ya Mwingereza."

Yeye anauza kwa tola, na tola haifiki gramu kumi na mbili. Akaniamuru nipige hesabu, ikaja tola elfu mbili na mia nane hivi. Akakaa kimya, halafu akapiga paja. "Hayo si maziko, mwanangu. Hiyo ni harusi ya sultani!"

Nikacheka, na safari hii alitaka nicheke. Mteja mwenye buibui akasogea akauliza bei ya halud, yale mafuta ya kunukia, Mama Udi akamjibu bila kumtazama, bado ameishika simu yangu.

"Basi maiti alikuwa ameshatiwa," akasema.

"Ameshatiwa."

"Na kina mama walijua?"

"Luka anasema waliona jinsi mwili ulivyowekwa."

"Na wakanunua hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo."

"Naam," akasema. "Alichotia mwenzio si chako."

Nimekaa chuo cha theolojia miaka yangu yote ile, na sikumbuki mhadhara uliolisema hilo. Nikataka kuliandika mkononi. Lakini mteja alikuwa ameanza kuvutana naye, elfu mbili, elfu moja na mia tano, na Mama Udi akageuka mwanamke wa sokoni kabisa, akaapa kwamba kwa bei ile mtoto wake atalala njaa (mtoto wake ana gari mbili za mizigo). Nikasubiri wamalize. Nikamuuliza, kwa sababu kwa kweli nilitaka kujua: "Kwa hiyo mama, waliyafanyaje?"

Akanitazama juu ya miwani. "Si mimi niliyekuuliza wewe?"

Akanifungia kipande cha udi kwenye gazeti, cha Mama Mchungaji, akakataa fedha, akasema kwani Pasaka imekwisha? Nikakitia mfukoni. Kijana wa bajaji alipoanza kuniteremsha nyumbani akavuta pumzi. "Sheikh, wewe Idi umeshaianza." Sikumsahihisha. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilifika nikaimba jikoni mpaka kitinda mimba akaniuliza kama tumelipwa.

Mama watoto hakukifukiza kile kipande. Alikinusa, akakiweka kabatini katikati ya nguo, akasema atakifikiria. Kwa hiyo sasa shati langu la kesho linanukia Ngamiani. Kesho mahubiri ni ya Tomaso, siku nane baadaye, milango imefungwa. Mwenyekiti hukaa benchi la kwanza kulia, hatua tatu kutoka kwangu. Atanisikia kwa pua kabla sijafungua kinywa. Nimeandika kwenye karatasi ya mahubiri, juu kabisa, "Anza na 19:39", ule mstari wa uudi, nikaifuta, nikaiandika tena kwa kalamu ya wino ili isifutike. Shati lingine safi ninalo. Liko kwenye kamba barazani, halijakauka, na sijaligusa.

Mtoto wetu mkubwa, aliye Dodoma, hapokei simu tangu Alhamisi. Nilimtumia picha ya meza ya Mama Udi, nikamwandikia ile ya harusi ya sultani, maana ndizo anazopenda, na mpaka sasa ina tiki moja. Mama watoto anasema ni chaji. Chaji ya siku tatu? Mwenzake wa chumba simu yake inaita mpaka inakata. Mara ya mwisho tulipoongea alisema kifua kinambana kidogo, nikamwambia anywe maji ya moto, nikaendelea kumsimulia habari za mabati.

Sasa ni saa sita na robo. Napiga tena.