Nilivyohamia Windows 11 bila kupoteza picha hata moja

Folda niliyodhani imebeba picha zangu za miaka 9 ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti 2. Nilikuwa nimeshainakili kwenye diski ya nje, nimeshaitia tiki kwenye karatasi yangu, na kilichobaki ni kuanza kusakinisha Windows 11. Kilobaiti 2 hazitoshi hata picha moja ya pasipoti.

Ile haikuwa folda. Ilikuwa njia ya mkato, yenye kile kimshale kidogo kwenye kona ya aikoni ambacho macho yangu yalishakizoea hadi hayakioni tena. Picha zenyewe zilikuwa diski D, nilikozihamishia siku diski C ilipojaa, kisha nikasahau. Tangu hapo sikuamini tena jina la folda. Kila nilichonakili nilikibofya kulia, nikatazama ukubwa na idadi ya mafaili kwenye kompyuta, kisha nikalinganisha na diski ya nje. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyonifichulia mengine mawili.

La kwanza, video moja ndefu haikuwa imeingia. Diski yangu ya nje ilikuwa kwenye mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili lenye kufika gigabaiti 4. Ujumbe wa kosa ulikuwa umejitokeza nikiwa jikoni! Nilihamisha vitu kwa muda, nikaifomati diski hiyo kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, nikaanza kunakili upya. La pili lilinishtua zaidi: nusu ya nyaraka zangu zilikuwa na alama ya wingu. Majina yalionekana kwenye kompyuta, lakini mafaili yenyewe yalikuwa mtandaoni, yanashuka pale tu unapoyafungua. Ilibidi niyaamuru yote yashuke kwanza, ndipo niyanakili. Na kabla sijasahau: alamisho za kivinjari na vijikaratasi vya kunata vya kwenye skrini haviko ndani ya folda ya nyaraka. Vimejificha kwenye folda iitwayo AppData, na usipoiambia Windows ikuonyeshe vilivyofichwa, huioni.

Haya yote nilikuwa nimeyaahirisha kwa miaka. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021, nami nikaendelea na 10 kwa sababu ilikuwa inafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi mimi sikigusi. Kilichonisukuma ni Oktoba 14, 2025, tarehe ambayo msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Nikaendesha programu ya ukaguzi, ikasema kompyuta haifai kwa kuwa haina TPM 2.0. Nusura nianze kutafuta kompyuta nyingine. Kumbe kifaa hicho cha usalama kimo humo humo, kimezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye mashine za Intel hujiita PTT, kwenye za AMD fTPM. Nikakiwasha, ukaguzi ukapita. Diski yangu haikuwa imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski nzima. Kama yako imefungwa, andika ule ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kwenye karatasi kabla hujagusa BIOS, maana mashine inaweza kukudai papo hapo, na bila ufunguo huo mafaili utayajua kwa majina tu.

Basi nikatengeneza flashi ya kusakinishia, nikaichomeka, nikaizima kompyuta na kuiwasha kupitia flashi hiyo. Hapo ndipo nilipokaribia kuingia mkenge. Nilisubiri swali la kubakiza mafaili, sikuliona. Badala yake nikaletewa orodha ya sehemu za diski, pamoja na vitufe vya kufuta na kufomati, na D yangu yenye picha ikiwa imo kwenye orodha. Nikachomoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimepata moto. Nikatoka bila kubofya chochote.

Nilichokosea ni mlango wa kuingilia. Ukitaka kupandisha toleo na kubaki na vitu vyako, huwashi mashine kwa flashi. Unaingia kwenye Windows yako ya zamani kama kawaida, unaifungua flashi kama folda nyingine yoyote, unabofya faili la setup. Ukipita njia hiyo unaulizwa: ubakize mafaili na programu, ubakize mafaili tu, au usibakize kitu?

Niliulizwa, ila chaguo la kwanza lilikuwa limefifia, halibofyeki. Hili lilinila jioni nzima. Sababu ilikuwa ya kuchekesha: Windows yangu ilikuwa ya Kiingereza cha Marekani, nami nilikuwa nimepakua ya Kiingereza cha Uingereza. Kwake hizo ni lugha mbili tofauti, na lugha zikitofautiana hairuhusu programu zibaki. Nikapakua upya, chaguo likakolea.

Usakinishaji wenyewe hauna simulizi. Chaja ikiwa imechomekwa, mashine ilijizima na kujiwasha mara kadhaa, asilimia ikaganda mahali pamoja hadi nikatamani kubonyeza kitufe cha kuzimia. Sikubonyeza. Ilipofunguka, kitu cha kwanza nilikwenda D, nikafungua picha tatu nne za miaka tofauti, kisha nyaraka, kisha kivinjari. Vyote vilikuwepo. Kilichogoma ni printa peke yake, hadi nilipoiwekea draiva mpya, programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana nayo.

Folda ya Windows.old niliiacha ingawa ilikuwa imekalia gigabaiti nyingi, kwa sababu ndiyo inayokuwezesha kurudi toleo la zamani ndani ya siku 10. Muda wake ulipopita mfumo ukaifuta wenyewe. Diski ya nje nayo iko kabatini, haijafutwa kitu.

Ile njia ya mkato bado ipo pale pale kwenye skrini. Nimeibadilisha jina tu, sasa inaitwa "Picha haziko hapa, ziko D".